TUJIFUNZE PAMOJA: Maneno ya Kiasi katika Taarifa za Kiingereza



Taarifa nyingi za sharika huandikwa kwanza kwa Kiswahili, kisha hutafsiriwa kwa Kiingereza ili zisomwe na usharika rafiki au mfadhili. Tarakimu hazina shida, kwani 40 ni 40 katika lugha zote. Shida iko kwenye maneno kama "wengi", "wachache" na "kidogo". Neno moja likikosewa, mradi uliofanikiwa husomeka kama mradi ulioshindwa. Katika toleo hili tutazame mambo manne.

1. Vinavyohesabika na visivyohesabika

Sisi husema "visima vingi" na "maji mengi" kwa shina lile lile la neno. Kiingereza hutenganisha. Kwa vitu vinavyohesabika kimoja kimoja tunatumia "many" na "fewer": "many wells", "fewer goats". Kwa visivyohesabika tunatumia "much" na "less": "much water", "less milk". Mwenye shaka atumie "a lot of", ambayo inafaa pande zote mbili.

Tuwe waangalifu na vifaa, samani na ushauri. Kwa Kiingereza "equipment", "furniture" na "advice" havihesabiki, wala haviongezewi "s" mwishoni. Mahindi nayo hayahesabiki, bali magunia yake: "20 bags of maize".

2. "Few" na "a few"

Hapa ndipo penye hatari kubwa. "A few women repaid their loans" maana yake wapo wanawake kadhaa waliorejesha mikopo. Tukiondoa herufi hiyo moja tukaandika "Few women repaid their loans", tumesema kuwa waliorejesha ni wachache mno, na msomaji ataanza kuuliza kulikoni.

Ndivyo ilivyo kwa "little" na "a little". "We have a little money left" ni kusema bado ipo akiba kidogo. "We have little money left" ni kusema fedha zinakaribia kwisha.

3. "Many" na "most"

"Many" ni wengi, lakini si lazima wafike nusu. "Most" ni walio wengi, yaani zaidi ya nusu. Tuchukue mfano wa kikundi chenye wanachama 300, ambapo 120 wamejenga vyoo bora. Tunaweza kuandika "many members". Tukiandika "most members" tumetoa taarifa isiyo ya kweli, hata kama hatukukusudia. Tukumbuke pia kuandika "most of the members", si "most of members".

4. "All" na "not all"

"Si wote waliohudhuria" ni tofauti na "wote hawakuhudhuria". Ikiwa baadhi walikuja, tuandike "Not all members attended". Ikiwa hakuna aliyekuja, tuandike "None of the members attended". Sentensi "All members did not attend" huacha msomaji njia panda, hivyo tuiepuke.

ZOEZI LA KAMATI

Chagueni neno sahihi, kisha mjadiliane sababu.

(a) Saruji iliyotumika ni pungufu ya makadirio: "We used (fewer / less) cement than planned."
(b) Kaya 65 kati ya 80 zimepanda miti: "(Many / Most) of the households planted trees."
(c) Mvua ilikuwa haba na mazao yamekauka: "There was (little / a little) rain."

Majibu: (a) less; (b) Most; (c) little. Katika (b), "Many" si kosa la sarufi, ila linapunguza mafanikio ya kaya hizo.

Tunashauri kila kamati iweke idadi kando ya neno la kiasi: "Most of the households (65 of 80)". Hapo hata neno likiteleza, idadi itasimama. Nanyi wafadhili wetu, mkikutana na "few" au "many" bila idadi, tunawaomba mtuulize kwanza idadi kabla ya kuamua lolote juu ya mradi. Nyuma ya neno hilo kuna kaya zinazosubiri uamuzi wenu.