Mwalimu wa Michezo Naye Tumsaidie



Kikundi kikitaka kusaidia shule, mara moja tunafikiria madarasa, madawati na tangi la maji. Ni vizuri. Lakini kuna mwalimu ambaye harambee humpita kila mwaka, yule anayetoka na watoto kiwanjani wakati wa mazoezi ya viungo. Katika somo hili tutaangalia jinsi ya kumsaidia kwa mchango ambao hautaishia kufungiwa kabatini.

Tujue kwanza kwa nini amesahauliwa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, mazoezi ya viungo yaliwekwa kwenye ratiba lakini hayakutahiniwa katika KCPE. Basi kikawa kipindi cha kukopwa. Hesabu ikibaki nyuma, mwalimu wa Hesabu anakichukua, na hakuna mzazi wa kulalamika. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na katika mtaala mpya michezo ni sehemu ya masomo. Ratiba imebadilika, lakini kiwanja cha shule nyingi za vijijini bado ni kile kile cha mashimo na visiki.

Sasa tufanye hesabu kidogo. Darasa lina watoto 50 na mpira mmoja. Wanaocheza ni 22. Hao 28 wanafanya nini? Wanakaa chini ya mti, na ukiwaangalia vizuri utakuta wengi ni wasichana, wadogo wa mwili, na yule anayechechemea. Kikundi kikija na mpira wa pili wa bei ghali, kiwanja cha pili hakuna. Lakini kikija na kamba 10 ndefu za mkonge, za kama mita 5 kila moja, watoto watano kwa kila kamba, darasa zima linaruka kwa wakati mmoja. Kamba hizo akina mama wetu wanaweza kuzisokota wenyewe. Huo ndio msaada kwa mwalimu, kwa sababu unampa kipindi cha kufundisha, si kundi la kuchunga.

Kwa hivyo kabla ya kununua chochote, tumeni watu wawili wamuulize mwalimu mwenyewe. Sio mwalimu mkuu peke yake. Huenda mkashangaa. Pengine atasema mipira ipo, ila haina pampu wala sindano yake. Pengine mipira iliyoletwa ni namba 5, ya watu wazima, na watoto wa miaka 8 hadi 12 wanafaa namba 4. Au atasema wasichana hawatoki kwa sababu hawana kaptura za kuvaa chini ya sketi. Hapo kikundi chenye cherehani kina kazi tayari.

Mikono pia ni mchango, na mara nyingi inazidi pesa. Siku moja ya majembe, panga na wilbaro inaweza kuziba mashimo na kung'oa visiki. Mnaweza kuchimba shimo la kurukia, upana mita 2.75, kina futi moja na nusu, mkalijaza mchanga wa mto uliochujwa mawe na vigae. Mwambieni mwalimu mchanga ulimwe kabla ya kila kipindi, maana ukishikana unavunja miguu. Miti ya goli ichimbiwe chini kabisa. Goli lililosimamishwa tu juu ya ardhi linaweza kumwangukia mtoto na kumuua, hili si jambo la mzaha. Na kama kuna mtoto asiyeona, mpira wenye njuga ndani utamwezesha kuufuata kwa masikio.

Wengine watasema bila vifaa vya kisasa hakuna maana. Tukumbuke Iten. Mwaka 1976 Bruda Colm O'Connell kutoka Ireland alifika shule ya St Patrick's kufundisha Jiografia. Ukocha hakuwa ameusomea. Alianza kwa kumsaidia mwalimu mwenzake, Peter Foster, na akabaki miaka na miaka. Shuleni hapo alipita Peter Rono, aliyeshinda mita 1500 katika Olimpiki ya Seoul mwaka 1988. Baadaye Bruda alimfundisha David Rudisha, aliyekimbia mita 800 kwa 1:40.91 kule London mwaka 2012. Hatusemi kila kijiji kitatoa bingwa, na wala hiyo siyo shabaha ya kipindi cha shule. Tunachosema ni kwamba mwalimu aliyekaa na watoto muda mrefu ndiye kifaa cha kwanza. Tukimsaidia asichoke, tumesaidia sana.

Pesa zipitie ofisi ya shule na risiti itolewe, zisiingie mfuko wa mwalimu hata akiwa mwaminifu namna gani. Vifaa viandikwe katika daftari, nakala moja ibaki kwa mweka hazina wenu. Kila muhula mjumbe mmoja aende akaangalie. Asiende kupeleleza, aende kuuliza ni nini kimeisha.

Maswali ya kujadili kikundini:
Shule iliyo karibu nasi, ni nani anafundisha michezo, na tumewahi kuongea naye?
Ni watoto gani hukaa chini ya mti, na kwa nini?
Kati yetu nani anajua kusokota kamba, kushona au useremala?
Ni siku gani kabla shule hazijafunguliwa tunaweza kwenda na majembe?