Gari la Dizeli Linapogoma Kuvuta: Majibu kwa Madereva wa Shinyanga na Geita

Kuanzia Tinde na Kahama hadi Katoro na Nyarugusu, riziki za watu wengi zinabebwa na injini ya dizeli: Land Cruiser za migodini, Hilux za wafanyabiashara, Fuso zinazosomba mawe kwenda mialoni. Malalamiko yanayofika gereji yanafanana. Gari lilikuwa zima, ghafla likakosa nguvu, taa ya injini ikawaka, na ukikanyaga mafuta mshale wa mizunguko unagoma kuvuka 3,000. Yafuatayo ni maswali ambayo mwenye gari anapaswa kuwa na majibu yake kabla hajakabidhi ufunguo.

Kwa nini gari linajinyima nguvu?

Kompyuta ya injini husoma sensa zake muda wote: hewa inayoingia, msukumo wa tabo, presha ya dizeli, joto. Ikiona kipimo kisichoendana na inachotarajia, hupunguza dizeli na msukumo wa tabo ili injini isiharibike, lakini hukuachia nguvu ya kukufikisha gereji. Mafundi wanaiita limpu modi. Mara nyingi ukizima na kuwasha tena nguvu hurudi kwa muda, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Kilichoifanya kompyuta ijilinde bado kipo.

Je, Land Cruiser mkonga nayo ina hali hiyo?

Nyingi hazina. Injini ya 1HZ, lita 4.2 na silinda sita, haina tabo, na pampu yake ya dizeli hufanya kazi kimakanika. Ikichoka, sababu iko kwenye hewa, dizeli au uchakavu wa injini yenyewe. Mwinuko pia unachangia. Shinyanga na Geita ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa huku ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 ikilinganishwa na Dar es Salaam. Injini isiyo na tabo itavuta kidogo kuliko ilivyovuta pwani hata ikiwa nzima kabisa. Fundi anayetaka kukutoza fedha ili afute makosa kwenye kompyuta ya injini ya namna hii, mwache.

Uchunguzi uanzie wapi?

Kwenye hewa, kwa sababu ya vumbi letu. Gari linalofuata malori kwenye barabara za changarawe za Msalala au Nyang'hwale hula vumbi jingi kuliko kitabu cha mtengenezaji kilivyokadiria, kwa hiyo kilomita zilizoandikwa humo za kubadili filta ya hewa hazitoshi huku. Dalili ya kukosa hewa ni moshi mweusi unapopanda mlima au unapobeba mzigo.

Filta ikipulizwa, hewa ya kompresa itoke ndani kwenda nje, kwa presha ndogo. Wengi hupuliza kutoka nje, na vumbi hujikita ndani zaidi ya karatasi. Kisha weka taa ndani ya filta na utazame kutoka nje. Ukiona hata kitobo kimoja kinachopitisha mwanga, itupe, kwa kuwa mchanga unaopita hapo unasaga mapanga ya tabo na kuta za silinda.

Baada ya filta kagua mipira. Ufa kwenye mpira ulio kati ya filta na tabo ni hatari kuliko ufa kwenye mkonga ulio kabla ya filta, maana vumbi linaingia bila kuchujwa. Mpira kati ya tabo, intakula na injini ukipasuka, msukumo huvuja na kompyuta huzuia nguvu papo hapo. Injini ikiwaka bila mzigo ufa huo unaweza kujificha. Tafuta alama za oili iliyoshikana na vumbi kwenye maungio, na sikiliza mlio wa hewa inayotoka unapokanyaga mafuta.

Na kama hakuna moshi mweusi, ila gari linakufa kwenye mlima?

Hapo shuku dizeli. Kwenye vituo vya wachimbaji, mafuta mengi hununuliwa kwa madumu na mapipa, na pipa lililoachwa nje masika hukusanya maji. Tangu mwaka 2010 mafuta nchini huwekewa vinasaba ili kubaini uchakachuaji na ukwepaji kodi. Vinasaba havikuambii kama dumu ulilouziwa lina maji.

Maji ni mazito kuliko dizeli, hukaa chini. Legeza skrubu iliyo chini ya filta ya dizeli, kinga kwenye chupa safi, uache itulie. Ukiona tabaka mbili, usiwashe gari mpaka tangi limwagwe na filta ibadilishwe. Kwenye injini za kisasa dizeli hufika kwenye nozeli kwa presha inayoweza kupita bar 1,500, na maji kidogo tu hukwaruza pampu na nozeli, vifaa ambavyo bei yake ni kubwa mno kuilinganisha na filta. Kwa sababu ya presha hiyo usiruhusu mtu alegeze mabomba ya nozeli injini ikiwaka. Dizeli ya presha hiyo hupenya ngozi, na aliyepigwa nayo apelekwe hospitali mara moja hata kama kidonda kinaonekana kidogo.

Mashine ya kupimia imetoa namba. Ninunue nini?

Usinunue kitu bado. Namba hutaja dalili. P0087 maana yake presha ya dizeli iko chini: inaweza kuwa filta iliyoziba, bomba linalovuta hewa, vali ya pampu au nozeli inayovuja. P0299 ni msukumo mdogo wa tabo, na mara nyingi tabo yenyewe haina kosa, ni mpira au kibomba cha vakyumu. Kuna fundi anayesoma P0299 na kuagiza tabo siku hiyo hiyo. Mwombe kwanza akuonyeshe mipira.

Taa ya chujio la masizi inawaka kila mara. Nifanye nini?

Baadhi ya magari mapya yana chujio kwenye bomba la moshi ambalo hujisafisha kwa kuchoma masizi kwa joto la nyuzi 600 hivi. Safari fupi za kambini, au kukaa injini ikiwaka kwenye foleni ya mzani, hazifikishi joto hilo. Taa ikianza kuwaka, endesha kwenye lami, mfano kuelekea Sengerema, kwa mwendo mzuri usiokatika kwa dakika 20 au zaidi. Usiegeshe kwenye nyasi kavu wakati huo, maana bomba linaweza kuzichoma.

Ninaweza kuendelea na safari?

Kama ni taa ya injini pekee na joto liko sawa, punguza mzigo na uende taratibu hadi gereji ya karibu. Taa nyekundu ya oili ikiwaka, joto likipanda, au injini ikigonga, zima papo hapo hata kama uko porini kati ya Kakola na Geita. Na ukifika gereji, namba ya hitilafu iandikwe kwenye karatasi kabla haijafutwa. Karatasi hiyo ubaki nayo wewe.