Jiji Kubwa, Jina Dogo: Maswali Kuhusu Miji Inayojulikana Duniani

Geneva, Uswisi, ina wakazi wapatao laki mbili. Kinshasa ina zaidi ya milioni 15. Hata hivyo, wakati wa UVIKO-19 jina la Geneva lilisikika katika taarifa ya habari karibu kila siku, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani lina makao yake pale. Wasomaji wengi huuliza jambo hili linakuwaje, na wengine huuliza kwa uchungu: mbona majiji yetu yanakua kwa kasi lakini majina yake hayavuki bara?

Kwani idadi ya watu haitoshi?

Haitoshi. Chongqing, kusini-magharibi mwa China, ilihesabu watu zaidi ya milioni 30 katika sensa ya 2020. Ni kweli kwamba mipaka yake imemeza mashamba na milima, eneo linalokaribia ukubwa wa Austria nzima, lakini hata ukitoa vijiji vyote linabaki jiji kubwa mno. Ni miongoni mwa vituo vikuu duniani vya kuunganisha kompyuta mpakato, na huenda ile iliyo mezani kwako imetoka huko. Lakini anayeamua kompyuta hiyo iundweje, iuzwe wapi na kwa bei gani yuko kwingine. Chongqing hupokea oda.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Jiji huwa la dunia pale watu wa mbali, ambao pengine hawatalikanyaga kamwe, wanapolazimika kusubiri linasema nini. Jiji la kanda nalo hutegemewa, wakati mwingine sana, ila wanaolitegemea ni majirani.

Nani hupima, na hupima nini?

Mwaka 1991 mwanasosholojia Saskia Sassen alitoa kitabu kuhusu New York, London na Tokyo. Alionyesha jambo ambalo wengi hawakulitarajia: kadiri viwanda vinavyotawanyika duniani, ndivyo shughuli za kuviongoza zinavyojikusanya katika miji michache. Kampuni yenye viwanda katika nchi 20 inahitaji mabenki, mawakili, wakaguzi wa hesabu na watu wa matangazo walio karibu karibu, wanaoweza kukutana mchana na kumaliza jambo jioni.

Baadaye watafiti wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walianza kupanga miji kwa madaraja kwa kuangalia ofisi za kampuni za aina hiyo na jinsi zinavyounganisha mji mmoja na mwingine. Kipimo chao kina manufaa, lakini naona kina upofu wake. Kinahesabu ofisi, hakihesabu nyimbo. Rumba iliyopigwa Kinshasa ilichezwa Nairobi, Abidjan na Paris, na mwaka 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa binadamu. Mtu aliyekulia Dar es Salaam akisikiliza rumba ya Franco hahitaji daraja la chuo chochote kuambiwa Kinshasa ni jiji kubwa.

Kwa nini Nairobi hutajwa zaidi kuliko Dar es Salaam?

Si kwa sababu ya watu. Sensa ya 2019 iliikuta Nairobi na watu milioni 4.4, na ile ya 2022 iliikuta Dar na milioni 5.4. Tofauti kubwa ilianza mwaka 1972, Umoja wa Mataifa ulipoamua kuweka Nairobi makao makuu ya shirika lake la mazingira. Shirika la makazi likafuata mwaka 1978. Leo New York, Geneva, Vienna na Nairobi ndiyo makao manne ya Umoja huo, na mjadala wowote mkubwa kuhusu taka za plastiki au hali ya hewa huwa na mkono wa Gigiri, mtaa wa Nairobi ziliko ofisi hizo, ndani yake. Wanadiplomasia wanapokaa mahali, mashirika ya habari hufungua ofisi, shule za kimataifa hufuata, safari za ndege huongezeka, na kampuni ya ng'ambo inayotafuta pa kuanzia Afrika Mashariki hukuta njia imeshalimwa.

Mji ulioanza mwaka 1899 kama kambi ya reli ulipata jina lake kwa uamuzi wa kisiasa uliopiganiwa na kushinda.

Je, Dar nayo iliwahi kuwa jiji la dunia?

Ndiyo, tena ikiwa ndogo. Sensa ya 1967 iliikuta na watu wasiofika laki tatu. Lakini FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ilizaliwa humo mwaka 1962, na mwaka uliofuata Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaweka humo makao ya Kamati yake ya Ukombozi. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini, Namibia, Angola na Rhodesia (leo Zimbabwe) walikuwa na ofisi mjini. Malcolm X alipita mwaka 1964. Che Guevara, baada ya kushindwa Kongo, alijificha katika ubalozi wa Cuba akiandika kumbukumbu zake. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha chuo kikuu cha Mlimani, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika kilitoka mwaka 1972 kwa ushirikiano wa wachapishaji wa London na wa Dar. Lisbon, Pretoria na Washington zilikuwa na kila sababu ya kutaka kujua nani kafika Dar jana usiku.

Kisha Msumbiji na Angola zikapata uhuru mwaka 1975, Zimbabwe 1980, Namibia 1990, na mwaka 1994 Afrika Kusini ikapiga kura. Kamati ikafungwa, kazi ikiwa imekwisha. Dar ilipoteza umaarufu ule kwa kufanikiwa, na sijui mji mwingine wenye hasara ya heshima kama hiyo.

Majengo marefu na uwanja mpya wa ndege vitasaidia?

Vitasaidia wanaovitumia. Jina hujengwa na sababu ya kuja, na jengo peke yake si sababu.

Kuwa jiji la kanda ni upungufu?

Sioni hivyo. Mfanyabiashara wa Lubumbashi anayenunua Kariakoo, au wa Bujumbura anayesubiri kontena lake bandarini Dar, anaihitaji Dar kuliko anavyoihitaji London. Huo ni uzito wa kweli, nao unalisha watu.

Linalostahili kutuuma ni pale bidhaa inapovuka bahari na jina la mji likabaki nyuma. Minofu ya sangara kutoka viwanda vya Mwanza imekuwa ikipelekwa Ulaya tangu miaka ya 1990, na ni wachache mno kati ya wanaoila waliowahi kusikia Mwanza.

Zanzibar ya karne ya 19 haikuwa hivyo. Meli za Salem, Massachusetts, zilileta kitambaa cha pamba ambacho kwa Kiswahili kiliitwa merikani, zikarudi na pembe za ndovu na sandarusi. Bidhaa hizo nyingi zilitoka bara, mbali na Unguja. Lakini mikopo ilitolewa Unguja, misafara ilifadhiliwa Unguja, na bei ilipatanwa Unguja. Ndiyo maana Marekani iliweka balozi mdogo pale mwaka 1837, na Uingereza mwaka 1841.