Mafuta ya Moto Mgahawani

Hebu tujiulize. Karai la mafuta limeshika moto jikoni mgahawani. Utafanya nini? Nilipouliza swali hili katika darasa la akina mama lishe, karibu wote walijibu kwa pamoja: "Tunamwagia maji!" Mmoja tu alinyamaza. Mkono wake ulikuwa na kovu toka kiganjani hadi kwenye kiwiko.

Jamani, mafuta yanayowaka hayazimwi kwa maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo huzama chini yake. Tena maji huchemka kwenye joto la nyuzi 100, lakini mafuta ya kukaangia hufika nyuzi 180, na yakiwaka huwa yamezidi hapo. Basi maji yale hugeuka mvuke mara moja. Kikombe kimoja cha maji kikigeuka mvuke chote huweza kujaza mapipa mawili. Mvuke huo hutoka kwa nguvu, ukayarusha mafuta yenye moto mpaka darini, na juu ya mtu aliyemwaga.

Usilibebe karai kulitoa nje. Lifunike kwa mfuniko wa bati au sinia, ukianzia upande wako ili ndimi za moto ziende mbali nawe. Moto bila hewa hufa. Kama ni jiko la gesi, lizime. Usifunue mpaka karai lipoe kabisa. Basi mfuniko huo uwe karibu na jiko kila siku, siyo uvunguni.

Mafuta huunguza hata yasipowaka. Viazi vilivyotoka kwenye maji vipanguswe kwanza, na karai lisijazwe kupita nusu. Jiko likae imara, lisiwe njiani wanakopita wahudumu na watoto. Mafuta yakimwagika sakafuni, mwagia majivu, zoa, kisha osha kwa sabuni papo hapo, hata kama wateja wanapiga kelele. Mwenye mgahawa atanuna. Mwache anune, chai inaweza kungoja.

Mtu akiungua, vua pete na bangili upesi kabla mkono haujavimba. Mwagia maji safi ya baridi, siyo barafu, kwa dakika 20. Ndiyo, 20, wengi huacha baada ya mbili. Usipake dawa ya meno, yai wala unga. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi. Jeraha likizidi ukubwa wa kiganja cha aliyeungua, au likiwa usoni, mikononi au sehemu za siri, nendeni zahanati siku hiyo hiyo.

Yule mama mwenye kovu alipakwa dawa ya meno, akakaa nyumbani siku tatu. Alipofika zahanati kidonda kilikuwa kinatoa usaha.

Maswali ya kujadili:
Kwa nini maji huzama chini ya mafuta?
Katika mgahawa wa kijijini kwenu, mfuniko wa karai unakaa wapi?