Oili Inapopanda Badala ya Kushuka: Somo kwa Wenye Magari ya Dizeli Mitaa ya Eastlands

Tuseme mkazi wa Umoja anafungua boneti ya gari lake Jumamosi asubuhi. Anachomoa kijiti cha kupimia oili, anakifuta, anakirudisha, kisha anakichomoa tena. Oili imepita alama ya juu. Siku ya sevisi, miezi minne iliyopita, ilikuwa chini kidogo ya alama hiyo, na tangu siku hiyo hakuna aliyeongeza hata tone. Jirani anayetazama anampongeza: "Gari lako halili oili kabisa!"

Pongezi hizo hazistahili. Oili haizaliani ndani ya injini. Ikipanda bila kuongezwa, kuna kitu kingine kimeingia, na katika magari ya dizeli ya miaka ya karibuni kitu hicho mara nyingi ni dizeli yenyewe. Somo hili linaeleza jinsi dizeli inavyofika huko, kwa nini magari ya mitaa yetu yamo hatarini zaidi, na hatua za kuchukua kabla injini haijaharibika.

Magari yanayohusika

Magari mengi ya mitumba yanayoingia Kenya hutoka Japani, na kanuni za nchi haziruhusu gari lililozidi miaka 8. Japani nayo ilikaza masharti ya moshi wa dizeli mwaka 2009. Kwa sababu hiyo, dizeli nyingi zinazoletwa siku hizi zina chujio la masizi kwenye bomba la moshi. Mifano ni Mazda CX-5 ya dizeli, Toyota Prado za dizeli za karibuni, na Hiace za dizeli zilizotengenezwa kwa soko la Japani. Gari la zamani lisilo na chujio hilo halina tatizo hili kwa kiwango hicho, ingawa noseli inayovuja inaweza kuleta madhara yale yale.

Dizeli inavyofika kwenye oili

Kazi ya chujio ni kunasa masizi yasitoke hewani. Likikaribia kujaa, kompyuta ya gari huamua kuyachoma. Ili kupata joto la nyuzi 600 hivi linalohitajika, magari mengi hunyunyiza dizeli ya ziada ndani ya silinda wakati mlipuko umekwisha na moshi unaanza kutoka. Dizeli hiyo inatakiwa iende na moshi na kuliwasha moto chujio.

Sehemu yake haifiki huko. Inagusa kuta za silinda, inapenya kando ya ringi za pistoni, na kudondoka chini kwenye oili. Petroli ikiingia kwenye oili, nyingi yake huvukiza injini ikipata moto. Dizeli haivukizi kwa urahisi hivyo, kwa kuwa huanza kuchemka kwenye nyuzi 180 hivi, ilhali oili ya injini kwa kawaida huwa na joto la nyuzi 90 hadi 110. Inayoingia hubaki, na kila uchomaji huongeza kidogo.

Kwa nini Eastlands

Uchomaji mmoja huchukua dakika 10 hadi 25 za mwendo usiokatika. Gari linalotoka Mombasa kwenda Voi hupata dakika hizo bila dereva kujua. Gari linalotoka Buruburu kwenda mjini kwa Jogoo Road asubuhi halizipati. Linasonga hatua chache, linasimama, linasonga tena. Uchomaji ukianza karibu na City Stadium, gari linafika mjini na kuzimwa kabla masizi hayajaisha. Jioni kompyuta inaanza upya, inanyunyiza dizeli nyingine, na safari inaishia langoni Donholm au Kayole kazi ikiwa nusu.

Kila jaribio lililokatizwa limekwisha tia dizeli kwenye oili, na chujio bado limejaa. Ndiyo maana gari la mwendo mfupi na foleni ndefu huharibu oili haraka kuliko gari la safari, hata kama kilomita zake ni chache.

Hasara yenyewe

Chukua injini yenye lita 5 za oili. Nusu lita ya dizeli ikiingia, karibu asilimia 9 ya kilichomo si oili tena. Asilimia chache tu zinatosha kuifanya oili iwe nyepesi kuliko ile mtengenezaji aliyoagiza. Oili nyepesi haiwezi kutenganisha vyuma vinavyosuguana. Beringi za krenki huanza kulika, mnyororo wa ndani hulegea, na tabo, ile feni inayosukuma hewa ndani ya injini, hukosa ulinzi. Uharibifu huu hauna kelele mwanzoni. Taa ya oili ikiwaka kwenye dashibodi, mara nyingi chuma kimekwisha kulika.

Hatari ya pili ni oili kuwa nyingi mno. Inaweza kuvutwa hadi kwenye njia ya hewa, na injini ya dizeli ikaanza kujiendesha kwa oili yake yenyewe. Ikifikia hapo, kuzima ufunguo huenda kusiizuie kukimbia. Kwa anayetegemea gari kwa teksi au kubeba mizigo ya sokoni, injini moja iliyokufa inaweza kumaliza akiba ya familia nzima.

Namna ya kupima

Kipimo kifanywe mara moja kila wiki mbili, kwa utaratibu ule ule:

1. Gari lisimame mahali tambarare. Injini ikiwa imepata moto, izimwe na kuachwa dakika 5 hadi 10.
2. Kijiti kichomolewe, kifutwe kwa kitambaa safi, kirudishwe hadi mwisho, kisha kisomwe.
3. Kiwango, tarehe na kilomita viandikwe kwenye daftari au kwenye simu.
4. Oili inuswe. Harufu kali ya dizeli ni onyo.

Weusi peke yake si ushahidi, kwani oili ya dizeli hupata weusi wa masizi muda mfupi baada ya sevisi. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, tatizo ni lingine: huenda maji ya rejeta yameingia, na gari halifai kuendeshwa. Baadhi ya magari, kama Mazda zenye injini ya Skyactiv-D, yana alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia X, inapaswa kubadilishwa bila kusubiri kilomita.

Kuna mtego mmoja. Injini inayokula oili kidogo na kuingiza dizeli kidogo inaweza kuonyesha kiwango kile kile mwezi baada ya mwezi. Kwa hiyo kiwango kisichosogea hakimwondolei mwenye gari wajibu wa kubadilisha oili kwa wakati.

Sevisi ihesabiwe kwa saa, si kwa kilomita tu

Baadhi ya watengenezaji wa Ulaya huruhusu hadi kilomita 30,000 au miaka miwili kati ya sevisi. Hesabu hiyo ilifanywa kwa barabara zilizo wazi na mafuta safi sana. Vitabu vingi vya magari vina pia ukurasa wa matumizi magumu, yaani safari fupi, foleni, vumbi na injini kunguruma gari likiwa limesimama. Hapo muda wa sevisi mara nyingi hukatwa nusu. Maisha ya gari la Eastlands yameandikwa kwenye ukurasa huo.

Hesabu ndogo inaonyesha sababu. Kilomita 5,000 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 60 kwa saa ni saa 83 za injini kufanya kazi. Kilomita hizo hizo kwa kilomita 15 kwa saa, kama ilivyo kwenye foleni, ni saa 333. Kibandiko cha sevisi kinaonyesha namba moja, lakini oili imefanya kazi mara nne zaidi.

Kwa dizeli yenye chujio inayotumika mjini, kilomita 5,000 au miezi 6, lolote litakalotangulia, ni mpaka wa busara, na mapema zaidi ikiwa kijiti kinaonyesha oili imepanda. Oili iwe ya aina iliyotajwa kwenye kitabu cha gari, ile yenye majivu machache iliyotengenezwa kwa magari yenye chujio. Alama zake kwenye mkebe ni kama JASO DL-1 au ACEA C3. Baada ya kubadilisha, fundi aweke upya hesabu ya oili kwenye kompyuta ya gari pale inapohitajika.

Mara moja kwa wiki gari lipewe nafasi ya kumaliza uchomaji. Safari ya Jumapili asubuhi kutoka Donholm kupitia Outering hadi Allsops, kisha Thika Road hadi Juja kwa kasi inayoruhusiwa, inatosha. Gari likiwa katikati ya uchomaji, feni huzunguka kwa nguvu na mngurumo hupanda kidogo. Dereva asizime papo hapo kama hali inaruhusu, wala asiegeshe juu ya nyasi kavu au takataka, kwa sababu bomba la moshi lina joto kali.

Njia za mkato zisizofaa

Kupunguza oili iliyozidi na kuacha iliyobaki hakusaidii. Kiwango kitashuka, lakini iliyobaki ina dizeli ile ile. Oili na filta vibadilishwe pamoja. Ikiwa baada ya kubadilisha inapanda tena upesi, noseli na chujio vichunguzwe.

Kung'oa chujio pia si dawa. Shirika la Utafiti wa Saratani la Umoja wa Mataifa liliuweka moshi wa dizeli mwaka 2012 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Katika mitaa ambako dirisha la chumba cha mtoto liko mita chache kutoka barabarani, masizi yanayoachiliwa na gari moja huvutwa na wengi.

Oili chafu isimwagwe kwenye mtaro

Kubadilisha oili mara nyingi zaidi kunamaanisha oili chafu zaidi. Sheria za mazingira za Kenya zinaihesabu kuwa taka hatari. Ikimwagwa kwenye mtaro wa Kariobangi au Dandora, mvua ya kwanza inaipeleka Mto Nairobi. Mwenye gari aulize gereji mahali inapopeleka oili yake kabla ya kufungua sampu. Gereji nayo iihifadhi kwenye pipa lenye kifuniko, mbali na maji, hadi ichukuliwe na msafirishaji mwenye leseni ya NEMA.

Kipimo cha kijiti hakigharimu hata shilingi moja. Kinataka kitambaa, dakika 10, na mahali pa kuandikia tarehe.