Kabla Shamba Halijageuka Viwanja: Somo kwa Wakazi wa Kata

Mara nyingi wakazi huanza kuuliza maswali kuhusu mgawanyo wa viwanja siku wanapoona bikoni, yaani mawe ya mipaka, zimekwisha kuchimbiwa ardhini. Siku hiyo huwa imechelewa. Upana wa barabara, mahali pa shule, njia ya maji ya mvua na ukubwa wa eneo la wazi huwa vimekwisha kuamuliwa muda mrefu kabla, katika mchoro uliopitishwa na vikao halali. Somo hili linaeleza hatua ambazo ombi la kubadili matumizi ya ardhi hupitia, mambo ambayo Halmashauri hupaswa kuyapima, na wakati ambao sauti ya mkazi ina nguvu kubwa zaidi.

Kwa nini suala hili linaihusu Korogwe

Reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ilifika Korogwe mwaka 1902, na mashamba makubwa ya mkonge yakaenea kandokando ya njia yake. Mji ukakua katikati ya reli, Mto Pangani na mashamba hayo. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 68,308 katika eneo la Halmashauri ya Mji Korogwe, ambamo kata ya Old Korogwe imo. Kadiri watu wanavyoongezeka, ndivyo ardhi iliyo jirani na barabara, maji na umeme inavyozidi kutafutwa, na mashamba ya mahindi, mihogo na michungwa yanavyoanza kutazamwa kama viwanja vya kesho.

Mwenye shamba hana kosa kutamani ligeuzwe makazi. Vijana wanahitaji mahali pa kujenga, na mji usiopima viwanja hujikuta umejengwa holela. Suala linalostahili kujadiliwa ni namna ya kugawa, kwa kuwa faida ya mgawanyo humfikia mwenye ardhi mapema, ilhali gharama za mgawanyo mbaya hubebwa na majirani, wanunuzi na Halmashauri kwa miaka mingi.

Mambo mawili yanayochanganywa

Kubadili matumizi ya ardhi ni kuiondoa katika matumizi iliyopangiwa na kuiweka katika matumizi mengine: kutoka kilimo kwenda makazi, au kutoka makazi kwenda biashara. Kugawa ardhi ni kukata kipande kimoja kuwa vipande kadhaa, kila kimoja na mipaka yake. Shamba linalotarajiwa kuwa mtaa huhitaji yote mawili. Aliyemilikishwa ardhi kwa masharti ya kilimo hawezi kuigeuza viwanja vya makazi kwa uamuzi wake mwenyewe, na hati yake haimpi ruhusa hiyo. Aidha, Sheria ya Mipangomiji, Na. 8 ya mwaka 2007, inakataza kuendeleza ardhi iliyo katika eneo la upangaji bila kibali cha mamlaka ya upangaji, ambayo katika mji ni halmashauri yake.

Kwa hiyo, mkazi anayeuziwa kipande cha shamba kwa kupimiwa hatua za miguu na kuandikiana mbele ya mashahidi hajanunua kiwanja kilichopimwa. Amenunua sehemu ya shamba, ambayo matumizi yake hayajabadilishwa na mipaka yake haimo katika ramani yoyote iliyoidhinishwa.

Hesabu ya shamba la ekari kumi

Mfano ufuatao ni wa kufundishia tu. Shamba la ekari kumi lina ukubwa wa takribani mita za mraba 40,000. Likikatwa lote katika viwanja vya mita za mraba 500, vitapatikana viwanja 80. Sasa ichukuliwe kwamba asilimia 30 ya eneo, yaani mita za mraba 12,000, imetengwa kwa ajili ya barabara, mitaro, eneo la wazi na huduma za jamii. Zitabaki mita za mraba 28,000, na viwanja vitakuwa 56.

Tofauti ni viwanja 24. Kwa mwenye shamba, hizo ni fedha zinazoonekana. Kwa kata, tofauti hiyohiyo ndiyo barabara inayopitisha gari la wagonjwa, mtaro unaopokea maji ya mvua na uwanja ambao watoto watachezea. Ndiyo maana mvutano kuhusu mchoro hauwezi kuachwa kati ya muuzaji na mnunuzi peke yao. Mnunuzi wa kiwanja cha kona hana sababu ya kutetea mtaro utakaopita mahali pengine, na muuzaji ataondoka baada ya kiwanja cha mwisho kuuzwa. Anayebaki na athari ni jirani, na ni Halmashauri pekee iliyopewa jukumu la kumsemea.

Mto, barabara kuu na maji ya mvua

Mto Pangani hupokea maji yanayotoka pande za Kilimanjaro na Meru, hupita Korogwe, kisha huelekea Hale na hatimaye kuingia Bahari ya Hindi katika mji wa Pangani. Mvua inayonyesha mbali inaweza kuongeza maji ya mto hata siku ambayo Korogwe kuna jua. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira, Na. 20 ya mwaka 2004, inazuia shughuli za kudumu za binadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Shamba lenye ubavu wa mita 200 kando ya mto hupungukiwa na mita za mraba 12,000, karibu ekari tatu, ambazo hazipaswi kuonekana katika mchoro kama viwanja vya kujenga. Mkazi anayetazama mchoro wa eneo la jinsi hiyo na aanze hapo.

Jambo la pili ni hifadhi ya barabara. Kwa barabara kuu kama ile itokayo Segera kupitia Korogwe kwenda Same na Moshi, Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeweka hifadhi ya mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kiwanja kilichochorwa ndani ya hifadhi hiyo ni mgogoro uliokwisha kuanza.

Jambo la tatu ni maji ya mvua. Shamba hunyonya sehemu kubwa ya mvua inayolinyeshea. Likifunikwa kwa mabati, saruji na ua, maji hayo hukimbilia chini kwa wingi na kwa kasi. Mtaro uliochorwa ndani ya mradi mpya na kuishia kwenye mpaka wake haujaondoa maji, bali umeyahamishia kwa jirani. Swali la kuuliza ni hili: mtaro huu unaishia wapi, na mahali unapoishia pana uwezo wa kupokea maji hayo?

Njia ambayo ombi hupitia

Ombi huwasilishwa Halmashauri likiwa na uthibitisho wa umiliki na mchoro wa mapendekezo. Afisa Mipangomiji hulilinganisha na mpango wa jumla wa mji, hukagua eneo lenyewe na kuwashirikisha wataalamu wa ardhi, ujenzi, mazingira, afya na maji. Kusudio hutangazwa ili watakaoathirika watoe maoni au pingamizi, na uongozi wa mtaa na wa kata huulizwa. Kisha suala hufikishwa katika kamati ya madiwani inayoshughulikia mipangomiji na mazingira, na kutoka hapo kwenda kwenye mamlaka za ardhi ambazo ndizo zenye idhini ya mwisho ya mchoro. Tangu mwaka 2020 kila mkoa umekuwa na Ofisi ya Ardhi ya Mkoa, hivyo sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji tena safari ndefu.

Mchoro ukiidhinishwa ndipo upimaji hufanyika, ramani ya upimaji hupitishwa, na hatimiliki huandaliwa. Mpangilio huu una maana yake. Mpima hawezi kurekebisha kosa la mpangaji, kwa kuwa kazi yake ni kuyahamishia ardhini yale yaliyokwisha kukubaliwa katika mchoro. Mkazi anayempinga mpima shambani anagombana na mtu asiye na mamlaka ya kumsaidia, ilhali mlango uliokuwa wazi kwake, yaani kipindi cha maoni, umekwisha kufungwa.

Mtaani na kijijini si sawa

Katika mtaa, mkutano wa wakazi hutoa maoni na uamuzi hubaki kwa mamlaka ya upangaji. Katika ardhi ya kijiji mambo ni tofauti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaitaka Halmashauri ya Kijiji isigawe ardhi kabla ya kupata idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Pale ardhi ya kijiji inapokusudiwa kuhawilishwa kuwa ardhi ya jumla, mkutano huo ndio unaoridhia au kukataa endapo eneo halizidi hekta 250. Likizidi hapo, Waziri huamua baada ya kuzingatia mapendekezo ya mkutano. Vilevile, uhawilishaji haupaswi kufanyika kabla ya makubaliano kuhusu aina, kiasi, namna na wakati wa kulipa fidia.

Kwa mantiki hiyo, swali la kwanza kwa mkazi wa pembezoni mwa mji ni kama eneo linalozungumziwa ni la mtaa au la kijiji. La pili ni nani anayeomba. Serikali ikitwaa ardhi kwa manufaa ya umma, mwenye ardhi anastahili fidia inayojumuisha thamani ya ardhi na ya maendelezo, pamoja na posho zilizowekwa kisheria, zikiwamo za usumbufu na usafiri. Mwenye shamba akiingia ubia na kampuni ya upimaji kwa makubaliano ya kugawana viwanja, hapo hapana fidia. Kila kitu hutegemea mkataba, nao usomwe hadi mstari wa mwisho kabla ya kutiwa saini.

Funzo kutoka Dar es Salaam

Mwaka 2002 Serikali ilianzisha mradi wa viwanja 20,000 jijini Dar es Salaam, wakati ambapo wakazi wengi wa jiji waliishi katika maeneo yasiyopimwa. Maeneo ya pembezoni kama Bunju, Mbweni, Tuangoma, Kibada, Buyuni na Mwanagati yaligeuzwa kutoka mashamba kuwa viwanja, na lengo likapitwa kwa mbali: vilipatikana viwanja zaidi ya 30,000. Mradi ulionyesha kwamba upimaji mkubwa unawezekana, na kwamba mauzo ya viwanja yanaweza kurudisha gharama zake.

Hata hivyo, ulionyesha pia kwamba kiwanja kilichopimwa si lazima kiwe kiwanja chenye huduma. Katika baadhi ya maeneo hayo, barabara zenye lami na maji ya bomba vilichelewa kwa miaka, na viwanja vingi vilinunuliwa vikabaki pori. Korogwe ni mji mdogo kuliko Dar es Salaam, lakini hoja ni ileile. Ombi la mgawanyo linapopimwa, haitoshi kuona barabara imechorwa. Inapasa kujulikana nani ataichonga, kwa fedha zipi na lini.

Namna ya kutoa maoni yenye uzito

Mkazi ana haki ya kuomba kuuona mchoro katika ofisi ya Halmashauri na kuelezwa maana ya rangi na alama zake. Maoni yaandikwe, yatajwe tarehe, yawasilishwe kwa Mtendaji wa Mtaa au wa Kata, na nakala iliyogongwa muhuri wa mapokezi itunzwe. Kusema tu kwamba wananchi hawautaki mradi humpa afisa kazi ndogo ya kujibu. Kueleza kwamba maji ya mvua za masika hufika kwenye ukuta wa nyumba fulani, kwamba njia inayofungwa ndiyo waitumiayo wanafunzi, au kwamba ndani ya eneo kuna makaburi ya ukoo na kisima cha watu wengi, humlazimu kwenda kuangalia. Wenyeji wanayajua mambo ambayo ramani haiyajui, na vikao vitayajua tu yakiandikwa.

Mgogoro ukitokea, Baraza la Kata kwa sasa hufanya kazi ya usuluhishi. Usuluhishi ukishindikana, shauri hupelekwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Njia hiyo ipo, lakini ni ndefu na ina gharama kuliko barua iliyowasilishwa katika kipindi cha maoni.

Maswali ya kujadili katika mkutano

1. Je, eneo linaloombewa ni la mtaa au la kijiji, na mwombaji ni nani?
2. Je, mita 60 za ukingo wa mto na hifadhi ya barabara zimeachwa wazi katika mchoro?
3. Ni sehemu gani ya eneo lote imetengwa kwa barabara, mitaro, shule, zahanati na eneo la wazi, na maeneo hayo yatasajiliwa kwa jina la nani?
4. Maji ya mvua yatakayotoka kwenye viwanja vipya yataishia wapi?
5. Nani atachonga barabara na kuleta maji, na ahadi hiyo imeandikwa wapi?
6. Watoto wa kaya mpya watasoma shule ipi, na shule hiyo ina nafasi?

Ombi linalojibu maswali haya sita kwa maandishi linastahili kuungwa mkono, kwa sababu mji unahitaji makazi yaliyopangwa. Lisilojibu hata moja lirudishwe kwa mwombaji likarekebishwe, wakati ambao marekebisho bado yanahitaji kalamu na karatasi tu.