Maswali na Majibu ya Mtihani: Kusafisha Data za Watumishi Kabla ya Kuamua

Swali la 1: Kusafisha data za watumishi ni nini?

Ni kutafuta na kusahihisha kumbukumbu zilizojirudia, zilizokosekana, zilizopitwa na wakati au zinazopingana. Ikama (idadi ya watumishi wanaohitajika), bajeti ya mishahara na upandishaji vyeo vyote hutoka kwenye orodha hiyohiyo, kwa hiyo kazi hii hutangulia uchambuzi. Inatosha, swali hili halina alama nyingi.

Swali la 2: Kwa mfano wa Tanzania, tofautisha mtumishi hewa na mtumishi mwenye cheti cha kughushi.

Hapa ndipo watahiniwa wengi hujikwaa. Mwaka 2016, wakati wa Rais John Magufuli, uhakiki ulibaini watumishi hewa zaidi ya 10,000. Aprili 2017 ikatoka ripoti nyingine, ya vyeti, iliyotaja watumishi 9,932 wenye vyeti vya kughushi.

Mtumishi hewa ni jina linalolipwa bila mtu kazini: aliyefariki, aliyestaafu au aliyeacha kazi, ila hakuondolewa kwenye malipo. Anapatikana kwa kulinganisha orodha ya mishahara na watu waliopo kituoni. Mwenye cheti cha kughushi yupo, anafika kazini, pengine anachapa kazi vizuri tu. Ukihesabu vichwa humpati. Mpaka cheti chake kilinganishwe na kumbukumbu za Baraza la Mitihani. Mtahini anataka uoneshe kwamba kila kasoro ina chanzo chake cha kulinganishia.

Swali la 3: Afisa utumishi ameingiza namba za kitambulisho cha taifa (NIDA) kwenye Excel, na zote zinaishia na sifuri tano. Eleza.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel ikiichukua kama namba ya kukokotoa hutunza tarakimu 15 tu; tano za mwisho hugeuka sifuri. Kubadilisha mwonekano wa safu baadaye hakurudishi kilichopotea. Inabidi arudi kwenye fomu au majalada ya masijala, na safari hii aipange safu kuwa ya maandishi kabla ya kuingiza chochote. Namba za simu huugua ugonjwa wa aina hiyo: 07 inabaki 7.

Usiishie hapo. Tarakimu nane za mwanzo za NIDA ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, kwa hiyo zinapima safu ya umri bure. Mtumishi ambaye orodha yasema kazaliwa 1970 huku NIDA yake ikianza na 1965 anahitaji kuitwa, maana katika utumishi wa umma kustaafu kwa hiari ni miaka 55 na kwa lazima 60. Shuku pia lundo la waliozaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai: mara nyingi ulijulikana mwaka tu, siku ikajazwa.

Swali la 4: Majina mawili yanafanana. Ufute moja?

Hapana. Hamisi na Khamis wanaweza kuwa mtu mmoja aliyeandikwa na makarani wawili. Mohamed wawili wa idara moja wanaweza kuwa watu wawili kabisa. Linganisha cheki namba (namba ya mtumishi kwenye malipo), NIDA na akaunti ya benki. Akaunti moja ikipokea mishahara ya majina mawili, hapo pana jambo. Hata hivyo weka alama, andika sababu, tunza nakala ya orodha ya awali, kisha muulize mkuu wa kituo. Kufuta mstari ni sekunde moja. Aliyefutwa kimakosa anagundua mwisho wa mwezi, kodi ya nyumba ikiwa mlangoni.

Swali la 5: Watumishi saba wanalipwa shilingi 400,000, 450,000, 450,000, 500,000, 520,000, 600,000 na 5,500,000. Utumie wastani au mediani?

Jumla ni 8,420,000, wastani kama 1,202,857. Ni kiasi ambacho hakuna anayekikaribia. Mediani, yaani mshahara wa katikati, ni 500,000, tumia huo. Lakini kwanza hakiki ile 5,500,000: ni ya mkurugenzi, au ni 550,000 iliyoongezewa sifuri?

Swali la 6: Taasisi ilianza mwaka na watumishi 120, ikamaliza na 130, 15 waliondoka. Kokotoa kiwango cha kuondoka na ukitafsiri.

Wastani wa watumishi ni 125. Gawanya 15 kwa 125, zidisha kwa 100: asilimia 12. Wengi huweka kalamu chini hapa, na alama za tafsiri zinabaki mezani. Fungua safu ya sababu: wanne walistaafu, wawili walifariki, mmoja mkataba uliisha. Walioacha wenyewe ni wanane, asilimia 6.4. Mkurugenzi anayeletewa 12 atafikiria kupandisha mishahara ya wote. Anayeletewa 6.4 atauliza wale wanane walitoka idara gani, na chini ya msimamizi yupi.